Kisa cha Mama J: miaka mitatu anatibiwa "homoni", kumbe kizazi kimeshikana kwa ndani

Kabla sijaanza

Huyu mama amenipa ruhusa nikiandike kisa chake, nimebadilisha vitu vidogo vidogo na mikoa nimeiacha kabisa ili hata jirani yake akisoma asimjue. Mimi ni daktari wa kawaida wa hospitali ya wilaya, sio bingwa wa kina mama, na kwenye hiki kisa na mimi nimo kwenye orodha ya walioboronga, kwa hiyo msisome mkidhani nawasema wenzangu tu.

Alikotoka

Mama J ana miaka 31, anauza vitenge, ameolewa, ana mtoto mmoja wa kike aliyezaliwa kwa njia ya kawaida bila shida yoyote. Zamani piriodi yake ilikuwa siku 5, pedi 3 mpaka 4 kwa siku, kila baada ya siku 28 au 29, na anaikumbuka vizuri mana alikuwa anazungushia tarehe kwa peni kwenye kalenda ya ukutani.

Mtoto alipofika miaka mitatu akashika mimba ya pili, ikatoka ikiwa na wiki 11. Akaenda kituo cha afya akasafishwa, na alisafishwa kwa chuma, kile chenye kitanzi kichwani cha kukwangulia, sio bomba la kunyonya. Akarudi nyumbani lakini damu haikukata, siku ya 16 akarudi, wakambonyeza tumbo wakamwambia kuna mabaki (ultrasaundi hakupigwa) wakamsafisha tena. Safari hii damu ikakata. Ikakata kabisa, miezi minne hakuona kitu, na nyumbani wakafurahi kwamba amepona.

Baada ya hiyo miezi minne ikaanza kuja matone, rangi ya kahawa, siku moja, pedi moja nayo haijai. Na tumbo la chini linakaza siku mbili tatu kila mwezi tarehe zile zile za zamani, maumivu yote ya piriodi yapo ila damu ndo hamna.

Alivyozunguka

Hapa ntapita haraka mana kila mtu anaijua hii njia. Duka la dawa: UTI sugu, sindano. Zahanati: PID (maambukizi ya kizazi na mirija), akapewa antibiotiki, doxycycline na Flagyl, nadhani mara nne kwa vipindi tofauti. Mama mkwe akasema ni chango, akapelekwa kwa bibi mmoja akanywa mizizi wiki sita. Mtu mwingine akamuuzia "dawa ya kusafisha kizazi" ya kuweka ukeni, ikamtoa vipele. Kliniki moja ya mjini wakampima homoni zote, FSH, LH, prolaktini, thairoidi, zote kawaida, alafu wakamwambia ana "homoni imbalansi" na wakampa dawa za homoni. Mpaka leo sijaelewa hiyo sentensi ilitoka wapi, majibu yote kawaida alafu ugonjwa ni homoni.

Mume naye akapimwa, mbegu zikawa nzuri, na hiyo ikamwongezea Mama J mzigo, sasa kosa lote likawa lake.

Alivyofika kwangu, na nilivyokosea

Alikuja na faili nene. Mi nikaangalia karatasi ya juu, nikaona "haoni siku zake vizuri, anatafuta mtoto", nikapima mkojo hana mimba, nikampa Provera (vidonge vya projesteroni, ile homoni ambayo ukiiacha damu inashuka) miligramu 10 kwa siku 10, nikamwambia ukimaliza subiri damu ndani ya wiki mbili. Haikuja.

Kwenye vitabu, Provera ikigoma kuna njia mbili: ama mwili hauna estrojeni ya kutosha kujenga utando wa kizazi, ama utando haupo au njia ya kutokea imeziba. Ukitaka kujua ni ipi unampa estrojeni kwanza, alafu unamalizia na projesteroni. Mi nikaona uvivu, nikampa vidonge vya uzazi wa mpango vya kawaida pakiti tatu. Huo ni mkato mbaya, mana vile vidonge vyenyewe vinapunguza utando, hata mwanamke mzima kabisa anaweza kutoa damu kidogo tu akivitumia, kwa hiyo jibu utakalopata halikuambii kitu.

Miezi mitatu akarudi: matone tu. Nikaandika kwenye faili, kwa mkono wangu, "hamezi dawa ipasavyo". Nikaanza kumpa lile somo la kumeza dawa kila siku saa ile ile. Hakunijibu. Alifungua mkoba, akatoa mfuko wa rambo, akamwaga pakiti tatu tupu juu ya meza yangu, zile za bati zenye siku za wiki zimeandikwa nyuma. Matundu 63, nilihesabu baadae. Akasema, "Dokta, hata ile ya Jumapili ya msiba wa baba nilimeza."

Nikafunga faili nikamwambia dada, samahani, tuanze upya. Na swali nililomuuliza ndo lilikuwa la kwanza la maana kwa miaka mitatu: hii piriodi ilibadilika LINI hasa? Akajibu papo hapo bila kufikiria, "tangu waliponisafisha mara ya pili." Nikamuuliza mbona hujawahi kusema. Akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Tulichofanya na kwa nini

Nikafikiria Asherman. Kwa wasioijua: kizazi kina utando wa ndani wenye matabaka mawili, la juu linajengwa na kuanguka kila mwezi, ndo hiyo damu, na la chini linabaki ndo mbegu ya mwezi ujao. Ni kama ukoka, ukiufyeka unaota tena, ukiukwangua na mizizi yake unabaki udongo mtupu. Sasa kuta mbili za kizazi zimegusana muda wote, zikibaki vidonda vitupu vinavyotazamana zinashikana na kuwa kovu. Hatari inakua zaidi mimba ikishatoka au ukishajifungua mana kizazi kinakuwa laini na estrojeni iko chini, na kukwangua kwa mara ya pili wiki ya pili mpaka ya nne ndo pabaya kuliko pote. Mama J alikwanguliwa siku ya 16.

Jambo lenyewe sio geni wala. Mjerumani Heinrich Fritsch alishaliandika mwaka 1894, na Joseph Asherman, daktari wa Israeli, akaeleza wagonjwa wake 29 mwaka 1948, jina likabaki lake.

Hatua ya kwanza ilikuwa ultrasaundi, tukaifanya ya kupitia ukeni sio ya juu ya tumbo. Nilichagua siku ya 13 tangu yale matone yatokee. Kwenye ovari ya kulia, kiwanda cha mayai, tukaona kifuko cha yai cha milimita 19, yaani kinakaribia kupasuka kitoe yai, na kizazi kimekaa na utando wa milimita 3, tena umekatikakatika. Kwangu hiyo picha moja ilimaliza ubishi wa homoni. Kifuko cha hivyo kinamwaga estrojeni ya kutosha, utando ulitakiwa uwe umenenepa mara mbili tatu ya pale. Amri inatoka, anayeamriwa hana cha kufanyia kazi.

Hatua ya pili HSG, ile picha ya kuingiza dawa kizazini. Kwa kawaida unaona pembetatu iliyosimama kwa ncha, kona mbili za juu zinaenda kwenye mirija. Yake ilionekana kama jani lililoliwa na viwavi, matobo yenye kingo kali katikati, kona ya kushoto haipo kabisa, mrija wa kulia ukapitisha. Ripoti ikaja imeandikwa "yawezekana ni vivimbe, mrija wa kushoto umeziba". Ningekuwa sijui historia ningemwambia mama una vivimbe na mrija mmoja mbovu, na safari nyingine ya miaka ingeanza hapo. Mrija wenyewe haukuwa na shida, dawa haikufika tu mlangoni kwake. Na HSG nayo inadanganya upande wa pili, mapovu ya hewa yanaweza kuonekana kama kovu, ndo mana haitoshi kuthibitisha. Cha kuthibitisha ni histeroskopi, kamera yenyewe inaingia unaona kwa macho.

Kitu kingine ambacho kwetu huwezi kuruka ni TB ya kizazi. Inaweza kuleta makovu haya haya, bila kikohozi, na ukikata kovu la TB bila kutibu TB umefanya kazi bure. Picha ya kifua ilikuwa safi, tukakubaliana kinyama kichukuliwe siku ya kamera kipimwe TB kwa mashine ya GeneXpert. Kilirudi hakina TB.

Kamera

Nilimpa rufaa. Foleni ikawa miezi minne, bima ikalipa sehemu, nyingine akakopa kikoba. Bingwa aliyempokea alikuwa mtu wa kuongea kidogo lakini kila uamuzi alinieleza, na nilisimama pembeni nikaangalia, kwa hiyo naandika nilichoona.

Kabla hata ya kuingia alisema hatatumia umeme, atatumia mkasi mdogo wa kawaida. Umeme unakata vizuri ila unaunguza na kile kidogo cha utando kilichobaki, na kwa huyu mama kila sehemu yenye utando mzima ni akiba, ndo itakayotambaa kufunika palipo wazi. Pili, nesi akashika ultrasaundi juu ya tumbo muda wote, kibofu kimejaa, mana ndani ya kizazi kilichoshikana hujui katikati ni wapi na ukuta ni wapi, unaweza kukata ukadhani unafungua kovu kumbe unatoboa kizazi.

Kamera ilipoingia niliona nguzo nyeupe, ngumu, kama mizizi ya mwembe inayopita juu ya ardhi, zimeunga ukuta wa mbele na wa nyuma. Akapiga hesabu kwa mfumo wa alama wa Wamarekani wa 1988: eneo lililoshikana kati ya theluthi moja na theluthi mbili, alama 2, kovu gumu alama 4, piriodi ndogo alama 2, jumla 8 kati ya 12. Daraja la pili, ila liko ukingoni kabisa, 9 ingekuwa la tatu.

Alifungua katikati, akafungua kona ya kulia, tundu la mrija likaonekana. Akaenda kushoto, akakata kidogo, nesi akasema ukuta hapo umebaki mwembamba. Akasimama. Maji yanayoingizwa kutanua kizazi mengine yanabaki mwilini, hapo yalikuwa kama mililita 1,400, na kwa sallaini ya kawaida kikomo ni 2,500, kwa hiyo hakusimama kwa sababu ya maji, alisimama kwa sababu hakuwa na uhakika. Mi moyoni nikasema si umalizie tu kaka, mama wa watu kakopa. Saivi naona ule ndo uamuzi bora wa siku ile.

Mwisho akaweka katheta ya Foley ya watoto (ule mpira wa mkojo wenye kiputo), namba 8, kiputo akakijaza maji mililita 3 tu, ncha akaikata, ikae siku 7 kutenganisha kuta. Sio kitanzi cha shaba, mana shaba inachokoza uvimbe, na sio kitanzi cha homoni mana kile kinakausha utando ambao ndo tunautafuta. Kuna jeli maalumu ya kupaka ndani pia, ila haikuwepo. Akampa doxycycline, na estradiol valerate (estrojeni ya vidonge) miligramu 2 asubuhi na 2 jioni kwa wiki 4, siku 10 za mwisho anaongeza Provera.

Matokeo

Siku ya tatu baada ya kumaliza dawa, saa tano usiku, simu yangu ikalia meseji: "dokta imekuja". Asubuhi nikapata nyingine ndefu yenye hesabu ya pedi. Siku 3, pedi 7.

Wiki ya sita akarudishwa kwenye kamera hata kama piriodi imerudi. Ilikutwa kovu limeanza kujirudia, ila lilikuwa jepesi kama utando wa buibui, bingwa alilisukuma kwa ncha ya kamera likaachia. Na kona ya kushoto, ile aliyoiacha, sasa ikaonekana njia yake vizuri akaifungua kwa dakika chache. Angejifanya mwamba siku ya kwanza pengine tungekuwa tunaongelea kizazi kilichotobolewa. Makovu haya yana tabia ya kurudi, kwa yale makali tafiti zinataja kuanzia 20% mpaka zaidi ya 60%, kwa hiyo kurudi kuangalia ni sehemu ya matibabu, na wengi wetu tunawaachia wagonjwa wakishaona damu tu.

Utando ukafika milimita 6.5. Miezi saba baadae akashika mimba, bila dawa.

Hapo wengi wanadhani kisa kimeisha, ila mimba juu ya kizazi kilichokuwa na makovu ina shughuli yake. Pale ambapo tabaka la chini halipo, kondo la nyuma linaweza kushika moja kwa moja kwenye msuli na likagoma kutoka. Tukaandika kwa wino mwekundu kwenye kadi ya kliniki: ajifungulie hospitali ya rufaa, damu iwe tayari, upasuaji uwe karibu. Ultrasaundi wiki ya 20 na ya 28 ikaangalia kondo, halikuonekana limezama.

Alijifungua wiki ya 37 kwa njia ya kawaida, mtoto wa kiume kilo 2.7. Kondo likakataa. Wakasubiri dakika 30, wakampeleka chumba cha upasuaji likatolewa kwa mkono, sehemu moja lilikuwa limeng'ang'ania. Alipoteza damu kama mililita 1,200, akaongezewa chupa mbili ambazo zilikuwa zimeshapimwa tangu mchana. Kizazi kikabaki.

Kilichofanya kazi, kilichogoma

Kosa la asili ni lile chuma. Shirika la Afya Duniani limeshasema muda mrefu kwamba kukwangua kwa chuma kumepitwa na wakati, mimba changa ikitoka nusu tumia bomba la kunyonya kwa mkono au misoprostol, na misoprostol mikrogramu 600 ya kumeza mara moja inawasaidia wengi bila kitu chochote kuingia kizazini. Ile ya mara ya pili ndo inaniuma zaidi. Damu siku ya 16 haimaanishi mabaki moja kwa moja, ilitakiwa ultrasaundi, na kama kweli yapo na mama yuko imara ungempa dawa. Na hakuna aliyeandika popote kwamba amesafishwa mara mbili na kwa kifaa gani, hata mimi nimelijua hilo la chuma kwa sababu mama mwenyewe alikiona kwenye sinia.

La pili ni sisi wa baadae. Ukiangalia, dalili zote zilikuwepo mwezi wa tano tangu asafishwe: piriodi imekatika ghafla baada ya kusafishwa, maumivu ya kila mwezi bila damu, homoni za kawaida. Hivyo vitatu vikikaa pamoja huhitaji kuwa bingwa. Lakini kila mtu alianza kwenye kipimo chake, wa maabara akaanza na mkojo, wa kliniki na homoni, mi na Provera, wote tukimtibu kwa kile tulichonacho mezani.

La tatu ni lile nililoandika kwenye faili. Nimelifikiria sana kwa nini niliandika vile, na jibu ni kwamba dawa ikigoma ni rahisi kumlaumu anayemeza. Dawa kugoma, kuanzia ile Provera, kilikuwa ndo kidokezo chenyewe, nilikuwa nacho mkononi nikakisoma kama tabia mbaya ya mgonjwa. Ile sentensi sikuifuta, nimeipiga mstari mmoja nikaandika pembeni tarehe na "sio kweli".

Kilichosaidia kweli ni vichache. Ultrasaundi ya siku sahihi, mana ungempima siku za mwanzo tu baada ya damu ule utando wa milimita 3 usingekuambia chochote. Mkasi badala ya umeme. Kusimama kabla ya kutoboa. Kurudi wiki ya sita. Na ile damu kupimwa mchana, hapo ndo nampa heshima nesi wa wodi ya wazazi ambaye aliona wino mwekundu akapiga simu maabara bila kumsubiri daktari.

Kuhusu foleni ya miezi minne sina la kufanya, kamera hizi haziko kila mahali. Ila mngeniuliza ningeanzia wapi kama napewa hela, ningenunua bomba za kunyonya za vituo vya afya kabla ya kamera.

Tulipo saivi

Mtoto ana miezi mitano, ananyonya tu. Piriodi ya Mama J haijarudi. Inaweza kuwa ni kunyonyesha, wengi hawaoni siku zao muda huu, na inaweza kuwa mkono ulioingia kutoa kondo umeacha kidonda pale pale pa zamani. Kuumwa tumbo kila mwezi hajaanza, na hiyo inanipa moyo kidogo. Tumekubaliana asubiri mpaka mtoto aanze kula na anyonyeshwe kwa kupungua, isipokuja ndani ya miezi miwili mitatu baada ya hapo tunampiga ultrasaundi siku ya 13 ya mahesabu yake ya zamani, na nafasi ya kamera tumeshaomba kabisa mana foleni tunaijua. Amenunua kalenda mpya, anasema ameitundika ila peni bado hajaifunga.